Meli ya Moba Imegeuzwa Kaskazini

Kalemie, Jumapili jioni, mwezi wa saba

Upepo haujatulia tangu asubuhi. Ziwa limechafuka, mawimbi yanarusha maji mpaka barabarani karibu na gare ya treni, na vumbi la kiangazi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimefunga dirisha la chumba changu. Mjomba amesinzia kwenye kiti chumba cha mbele, na koti lake bado amelivaa.

Sina hamu ya kuandika. Lakini nisipoandika nitaanza kulia tena, Mama atanisikia naye ataanza, kisha Papa atatoka uani kujifanya anaangalia kuku. Nyumba nzima imechoka na kilio. Basi ninaandika.

Sitaolewa na Numbi.

Nimeliangalia neno hilo muda mrefu. Nilidhani nikiliandika litapungua uzito, kama mzigo unapoushusha chini. Halijapungua hata kidogo.

Ngoja nianze mwanzo, maana kichwani mwangu mambo yamechanganyikana na sijui tena lipi lilivunja lipi.

Mimi ninafanya kazi ya simu katika ofisi ya reli, biro kama tunavyoiita. Mtu akitaka kuongea na Nyunzu au Kabalo anakuja kwenye kidirisha changu, ananitajia gare, nami ninamtafutia laini. Pale kazini ninaitwa citoyenne Kaseba, yaani mwananchi, kama serikali inavyotaka. Jina la ubatizo limebaki nyumbani pamoja na Mama. Numbi ni fundi wa mashine za treni. Alikuwa anakuja kidirishani kila baada ya mshahara kumsalimia baba yake, Papa Banza, anayelima mihogo huko Kabalo. Baadaye akawa anakuja hata kabla ya mshahara. Mwishowe akawa haombi laini yoyote, anasimama tu na mikono yake yenye mafuta, ananiuliza kama nimekula.

Mwezi wa tano akapata uhamisho wa Lubumbashi. Tukapanga haraka. Watu wake wangekuja na treni kutoka Kabalo kuleta mahari, Mjomba wangu angekuja na meli kutoka Moba kuyapokea, kisha Alhamisi mimi na Numbi tungepanda treni pamoja, mimi nikiwa mke wa mtu. Nilishafunga masanduku. Nilishamwachia jirani mche wangu wa pilipili.

Hapa lazima nieleze jambo, ingawa ninajiandikia mwenyewe, kwa sababu wiki hii nimegundua kwamba jambo ambalo kwetu halina haja ya maelezo, kwa wengine halieleweki kabisa.

Sisi ni Watabwa. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba analea, anasomesha, anatafuta minerval, ile karo ya shule, anagombeza. Lakini siku ya kumtoa binti, anayemtoa ni kaka wa mama yake. Posa ikija, jembe linawekwa chini mbele ya mjomba, na yeye analiinua kwa mkono wake. Akiliinua, mambo yamekwisha. Asipokuwepo, jembe linamngojea hata mwaka mzima, na hakuna anayekasirika.

Numbi na watu wake ni Waluba. Kwao ni baba.

Hatukuliona hilo kuwa shida. Kalemie hii watu wote wamechanganyika, kila nyumba ya mtaa wetu ina kabila mbili au tatu, na arusi zinafungwa kila kiangazi. Mjomba angekuja, angeliinua, Papa angekaa pembeni akitabasamu, kila mtu angeona alichotaka kuona. Ilihitaji Mjomba awepo tu.

Na Mjomba aliitegemea meli.

Meli ile hutoka hapa Alhamisi, inalala Moba, inarudi Jumamosi. Tumeizoea kiasi kwamba hatusemi tena "kama meli itakwenda." Tunasema "siku ya meli," kama vile tunavyosema siku ya soko. Wiki iliyopita, Alhamisi asubuhi, nikaiona kutoka dirisha la biro inapakia vitu ambavyo Moba hawavihitaji: mapipa, vipuri, turubai nyingi. Moyo ukanipiga. Saa ya mapumziko nikateremka bandarini.

Kwenye lango walikuwa wamejaa watu na mizigo. Wanafunzi wa shule ya misheni na masanduku yao ya bati. Mama mmoja na vifurushi vya chumvi na nguo za kuuza. Familia nzima iliyokuwa inaenda kuondoa matanga ya bibi yao, wameshapika hata chakula cha njiani. Kwenye ubao mweusi mtu wa bandari alikuwa ameandika kwa chaki kwamba safari ya Moba imesimama mpaka amri nyingine. Yeye mwenyewe alisimama kando ya ubao, uso umemshuka, maana si yeye aliyeamua na bado ndiye anayetukanwa.

"Bato haiende Moba, Mama," akaniambia. "Wameipa njia ingine. Inapanda Kalundu, kule kaskazini."

"Inapanda Kalundu mpaka lini?"

"Mpaka watasema."

Walisema meli ya kaskazini imekufa mashine, na sukari imelundikana Kalundu, mvua ya kwanza itaikuta nje. Wengine walisema ni mkubwa fulani wa chama anataka wacheza ngoma wake wasafirishwe. Sijui lipi ni kweli. Nilichoona ni kwamba chombo chenye kubeba mji mzima kimegeuzwa kama mtu anavyogeuza kiti, na kati yetu sisi tuliokuwa pale langoni hakuna aliyeulizwa kitu. Yule mama wa chumvi alikaa juu ya vifurushi vyake akaanza kucheka. Ni kicheko ambacho sasa ninakielewa.

Nilirudi kidirishani mbio nikaita Kabalo. Kule laini inapokelewa na Mama Ngoie. Tumeongea karibu kila siku tangu nianze kazi na sijawahi kuuona uso wake. Nikamwomba awatafute kina Papa Banza awaambie wasipande treni kwanza.

"Mwanangu, wameshapanda," akasema. "Niliwaona na mbuzi wao. Papa Banza alivaa kofia mupya."

Wakafika Jumamosi. Papa Banza, dada yake ambaye tunamwita Shangazi, na wazee wawili. Mbuzi, vitenge, kila kitu kama ilivyotakiwa. Wakalala kwa ndugu yao mtaa wa wafanyakazi wa reli. Ilikuwa Mjomba naye ashuke melini siku ileile. Nilisimama bandarini kutazama gati tupu, sijui nilitegemea nini.

Jumapili nikaenda kwa masista, nikawaomba wamwite Mjomba kwa fonie, ile redio ya kuongelea ya misheni ya Moba. Nilifikiri labda angesema tu neno lake kwenye fonie, wakwe wasikie sauti yake, mambo yaishe. Mama akaniangalia kama mtu aliyeshikwa na homa. Papa Banza alipoambiwa, akauliza swali moja, tena kwa upole: mkono wake uko wapi? Kwa hilo Mama na Papa Banza walikubaliana kabisa, na ndilo jambo pekee walilokubaliana wiki nzima.

Jumatatu wakaja hata hivyo, kwa sababu Papa Banza ni mtu mzima na hakusafiri na mbuzi kuja kutazama ziwa. Wakakaa kwenye benchi chumba cha mbele. Akaliweka jembe chini, juu ya mkeka, mbele ya Papa.

Papa akaweka mikono yake magotini.

"Papa Banza, jembe ni muzuri," akasema. "Lakini mimi siko muntu wa kulibeba. Mwenye kulibeba iko Moba. Bato njo ilimukosesha."

"Wewe njo ulimuzaa huyu mutoto, ao hapana?"

"Nilimuzaa."

"Basi libebe."

Papa hakulibeba. Ninamjua Papa. Amefanya kazi kiwanda cha nguo miaka yake yote na hajawahi kumpinga mtu usoni. Nilimwona jasho linamtoka. Lakini kuliinua lile jembe, na shemeji yake yuko hai, kwake ni sawa na kuiba. Mama alikuwa amekaa mlangoni, na nadhani Papa angeunyosha mkono, Mama angesimama.

Numbi alikuwa ananiangalia. Nilimfanyia ishara kwamba yatakuwa sawa. Niliamini hivyo.

Walipoondoka, Mama akafanya jambo ambalo mpaka leo siwezi kumlaumu. Alichukua kitenge chake kipya, kile alichokiweka kwa ajili ya siku yangu, akalifunika jembe palepale juu ya mkeka. Kwetu hiyo ni heshima. Kitu cha mwenyewe unakifunika kisiingie vumbi, ili akifika akikute safi. Akatukataza hata kupita karibu.

Jumanne asubuhi Shangazi akaja kutusalimia, amebeba unga. Akaingia, akasimama katikati ya chumba.

"Jembe lililala hapa chini?" akauliza.

"Ndiyo, Mama," Mama yangu akamjibu, tena kwa fahari. "Tulilifunika muzuri."

Shangazi akauweka unga chini. Hakukaa. Alisema anarudi, na hakurudi.

Kwao jembe la posa halilali chini. Likipita usiku bila kuinuliwa, limekataliwa. Na kulifunika ndiyo kumaliza kabisa, ni kumwambia mtu kwamba alichokileta hamtaki hata kukiona. Hayo niliyajua Jumatano kutoka kwa Numbi, na alipokuwa ananieleza nilicheka kwanza, nikidhani ananitania. Kisha nikamwona uso wake.

Nilikimbia kwa Papa Banza kule alikofikia. Nikapiga magoti uani mbele ya watu wote, nikamweleza kitenge maana yake nini, Mjomba maana yake nini. Alinisikiliza vizuri. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ningepata mtu wa kumchukia ningepumzika. Nikamwambia pia habari iliyokuja Jumanne jioni kwa fonie: Mjomba ameshatoka Moba, amepanda pirogi, mtumbwi wenye mota, anaomba wamngojee.

Papa Banza akageuza kichwa akatazama ziwa, ambalo hata kutoka pale lilionekana jeupe kwa mawimbi.

"Mwanangu," akasema, "nani anatoka na pirogi kwa upepo kama hii? Mulinionyesha jembe chini. Sasa munanionyesha mujomba juu ya maji. Mimi niko mukulima, lakini siko mutoto."

Hata mimi nilijiuliza nani anatoka na pirogi kwa upepo kama huu.

Alhamisi treni.

Nilikwenda gare na masanduku yangu. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Mama hakujua, nilimpa mtoto wa jirani ayavute kwa mkokoteni. Sikuwa nimeamua kitu. Nilitaka tu masanduku yawe karibu na mimi pindi nitakapoamua.

Papa Banza alikuwa ameshakaa ndani, kofia yake mpya magotini, na jembe limefungwa kwa gazeti kwenye kiti cha pembeni. Alikuja mwenyewe kwetu Jumatano jioni kulichukua. Alikunja kitenge cha Mama vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia kwa mikono miwili.

Numbi alisimama kwenye ngazi ya behewa. Alikuwa amenyoa.

"Panda, Kaseba," akasema. "Panda tu. Mengine tutatengeneza Lubumbashi."

"Na Mujomba?"

"Mujomba atakuta umeshaenda. Atazoea."

"Iko juu ya maji, Numbi. Kwa sababu yangu."

Akatazama ziwa, maana gare yetu na ziwa ni majirani, na upepo ulikuwa unampiga shati. Alikuwa na macho mekundu. Akasema, "Sasa mimi nifanye nini?" Na lilikuwa swali la kweli, alitaka nimjibu. Mimi niliyekuwa nikimpa kila mtu laini ya mahali anapotaka, sikuwa na la kumpa.

Mguu wangu mmoja ulikuwa kwenye ngazi. Watu wakisimulia habari hii watasema nilikataa kwa sababu ya mila, au kwa heshima ya wazee. Hapana. Niliwaza kwamba kama pirogi imezama, nitakuwa nimeketi ndani ya treni ninakula karanga wakati wanamtafuta. Sikuweza kupita wazo hilo. Ningejua kwa hakika kwamba Mjomba yuko salama nchi kavu, ningepanda bila kuaga mtu. Ningejua kwamba amekufa, Mungu anisamehe, pengine pia ningepanda.

Treni ikavuta. Numbi hakupunga mkono, aliniangalia tu mpaka behewa lilipokata kona.

Masanduku yakarudi na mkokoteni uleule. Mama aliyaona yakiingia. Hakuuliza yalikuwa wapi.

Ijumaa meli ikarudi kutoka kaskazini. Honi yake ilipolia, biro nzima iliinuka kutazama, kwa mazoea. Imejaa sukari. Sukari ilikuwa imeadimika mjini tangu Pasaka na sasa iko kila duka, watu wanachangamka, wanasalimiana kwa furaha. Jirani yetu alituletea mfuko kwa kutupa pole. Mama akatengeneza chai tamu sana, tukainywa.

Bado nilikuwa na tumaini, najua sasa. Treni inalala njiani, inafika Kabalo, pale wanaoenda Lubumbashi wanangoja treni nyingine. Nilijiambia Mjomba akifika Ijumaa, au hata Jumamosi, nitaita Kabalo, Mama Ngoie atamkimbilia Papa Banza, atamwambia: mujomba ni wa kweli, amefika, ana miguu na mikono. Nilishapanga hata maneno.

Jumamosi asubuhi, ndio kwanza nimekaa, Kabalo ikaita yenyewe.

"Kaseba," akasema Mama Ngoie, "uko peke yako hapo?"

Nikajua.

Alinieleza polepole. Treni ya Lubumbashi ilichelewa. Katika kungoja kule, Papa Banza hakutaka kurudi kijijini na jembe mkononi mbele ya macho ya majirani. Akaenda nalo nyumba ya rafiki yake wa siku nyingi, mwenye binti. Baba wa binti akaliinua palepale. Jioni treni ilipokuja, wakapanda wawili, Numbi na yule binti.

"Numbi alikuwepo likiinuliwa?"

"Alikuwepo."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, mwanangu. Alikaa na kichwa chini. Lakini alikaa."

Nikamshukuru. Kidirishani alikuwa anangoja bwana mmoja mwenye mkoba, anataka Nyunzu, ana haraka. Nikamwunganishia Nyunzu. Nilifanya kazi mpaka saa ya kufunga, hakuna laini hata moja niliyokosea, na sijui nani aliyekuwa anafanya ile kazi.

Nilimchukia Mjomba jana. Ni hapa tu ninaweza kulisema. Angebaki Moba kama watu wengine wote waliokosa meli, angekaa kibarazani pake akalalamika, mimi ningekuwa Lubumbashi. Kwa nini alitoka? Nani alimwambia atoke? Na sista aliyepokea habari kwa fonie, kwa nini asingesahau kutuletea? Nililala na mawazo hayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo kanisani.

Tulipotoka misa, leo, Mjomba alikuwa amekaa mbele ya mlango wetu.

Amekonda. Miguu imevimba, midomo imepasuka kwa upepo. Mota ilikufa karibu na Mpala. Wakakaa kwenye kijiji wakingoja mawimbi yapungue, hayakupungua, wakaanza kupiga kasia wakijificha kandokando ya nchi, siku wakishindwa wanavuta pirogi mchangani na kulala chini yake. Mzee mwenye umri ule. Haya aliyasimulia kwa maneno machache, akiwa anacheka, maana alijiona amewahi. Alidhani wakwe wamemngojea. Alisema aliwatumia neno wamngojee, na nani atakataa kumngojea mjomba?

Nikamletea maji, nikapiga magoti. Akaoga. Akatoa kwenye mfuko wa nailoni abakosi, koti la heshima la wanaume, aliyoazima kwa mwalimu wa Moba, aliyoibeba kichwani njia nzima isilowe, na haikulowa. Akaivaa mpaka kifungo cha juu. Akakaa kwenye kiti kinachotazama benchi.

"Haya," akasema. "Wakwe wetu iko wapi? Muwaite."

Papa akatazama chini. Basi nikamwambia mimi. Nilimwambia yote, pamoja na jembe, kitenge, ngazi ya behewa na Kabalo, na wakati ninaongea ile chuki ya jana niliitafuta sikuiona. Alikuwa mzee tu, amechoka, amevaa nguo ya mtu mwingine iliyompwaya mabegani.

Akajipapasa magoti. Kisha akasema, "Nilileta neno kutoka Moba. Siwezi kulirudisha na njia ile."

Akasimama. Akaligeukia benchi, ambalo halikuwa na mtu, akasema yale aliyokuja kusema, yote, kwa sauti kubwa kama ya kuwaambia watu wengi. Kwamba yeye ni kaka ya mama yangu. Kwamba mimi ni damu yake. "Huyu mutoto ninamutoa. Sina neno naye. Aende, azae, akumbuke kurudi kutusalimia." Papa na Mama wakapiga makofi ya heshima, yale ya polepole, kwa sababu mjomba akitoa binti lazima watu wapige makofi, na hakukuwa na watu wengine wa kuyapiga. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Nilisikia kila neno. Ni maneno mazuri kuliko nilivyotazamia.

Kwa hiyo nimetolewa. Ukoo umeniruhusu, hakuna anayenizuia tena.

Baada ya kula, Mjomba aliniuliza meli ya Moba inaondoka lini, kwa kuwa mimi niko biro na ninajua habari. Nikamwambia imepewa njia nyingine, mpaka amri nyingine. Akafikiri kidogo. Akasema basi si kitu, atakaa hapa na sisi, ataingoja, siku moja itarudi tu kwenye njia yake.

Kesho saa moja na nusu nitakuwa kidirishani. Asubuhi Kabalo itaita, na Mama Ngoie atanisalimia kwa upole kuliko siku zote. Mjomba atakuwa hapa nyumbani, kwenye kiti chake, anasikiliza honi. Nami nitangoja pamoja naye. Lakini yeye anangoja meli. Mimi nangoja nini?